Ferdinand Buisson: Mkurugenzi Aliyemtanguliza Mwalimu

Utangulizi

Wanachuo wanaosoma historia ya elimu huyazoea mapema majina ya Comenius, Rousseau, Pestalozzi na Froebel. Hao walikuwa watu wa fikra, na heshima wanayopewa wanaistahili. Lakini fikra haitembei yenyewe kutoka kitabuni hadi darasani. Hapana budi awepo mtu wa kuandika kanuni, kuomba fedha, kufungua vyuo, kuwateua wakufunzi na kusoma taarifa za wakaguzi. Mtu huyo aghalabu husahauliwa, kwa kuwa kazi yake huonekana kuwa ya makaratasi tu.

Katika makala haya tunaeleza maisha ya mmoja wa watu hao. Ferdinand Buisson aliongoza elimu ya msingi ya Ufaransa kwa miaka 17, tangu 1879 hadi 1896. Mawaziri walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Katika kipindi hicho shule ya msingi ya serikali nchini humo ilikuwa ya bure, ikawa ya lazima, na ikaacha kufungamana na dini yoyote. Tunapenda msomaji aone jambo moja katika maisha hayo. Buisson alielewa kuwa sheria yaweza kumfikisha mtoto mlangoni mwa darasa, lakini haiwezi kumfundisha. Atakayemfundisha ni mwalimu, na mwalimu huyo lazima aandaliwe, alipwe na aaminiwe kuwa ana akili ya kufikiri.

Kijana aliyekataa kiapo

Buisson alizaliwa Paris tarehe 20 Desemba 1841. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti, yaani watu wachache katika nchi ambayo wakati huo wengi wa raia wake walikuwa Wakatoliki. Baba yake alikuwa hakimu, naye alifariki wakati mwanawe angali kijana. Ikambidi Ferdinand afundishe masomo ya ziada ili aisaidie familia, huku akiendelea na masomo yake ya falsafa. Basi alianza kufundisha kwa shida kabla ya kufundisha kwa cheo, jambo ambalo si geni kwa walimu wengi.

Wakati huo Ufaransa ilitawaliwa na Mfalme Mkuu Napoleon wa Tatu, na aliyetaka kufundisha katika shule za serikali alitakiwa kula kiapo cha utii kwa utawala huo. Buisson hakukubali. Mwaka 1866 alihamia Uswisi, akafundisha katika mji wa Neuchâtel. Ni huko alikokutana na watu waliotafuta njia za kukomesha vita barani Ulaya. Mwaka 1867 palikuwa na mkutano mkubwa wa amani mjini Geneva, naye akawa miongoni mwa waliounga mkono harakati hizo. Kwa maoni yake, vita havitakomeshwa na mikataba ya wafalme peke yake. Vitakomeshwa na shule, iwapo watoto watalelewa kutotukuza silaha. Wazo hilo alikaa nalo hadi uzeeni, ingawa, kama tutakavyoona, halikumwacha salama.

Kurudi nyumbani na kuondolewa kazini

Mwaka 1870 Ufaransa ilipigana na Prussia, ikashindwa. Napoleon akaanguka, Jamhuri ikatangazwa, na Buisson akarudi Paris. Jiji lilikuwa limezingirwa na majeshi ya adui. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya ofisini. Katika mtaa wa 17 wa jiji hilo alianzisha makao ya watoto yatima wa vita.

Baadaye Waziri wa Elimu, Jules Simon, alimteua kuwa mkaguzi wa shule za msingi za Paris. Uteuzi huo ulizua ghasia bungeni. Alipokuwa Uswisi, Buisson alikuwa ameeleza hadharani kwamba si vema watoto wadogo wafundishwe shuleni hadithi za Agano la Kale kama zilivyo, pamoja na vita na visasi vilivyomo, kana kwamba yote hayo ni mfano wa kuigwa. Askofu Dupanloup, aliyekuwa mbunge, alisimama kumlaumu vikali. Buisson akaondoka katika nafasi hiyo. Waziri hakumtupa kabisa, bali alimpa kazi ya takwimu za elimu ya msingi, kazi isiyopigiwa makofi na mtu yeyote.

Hapa tunapaswa kutahadharisha. Asidhani msomaji kwamba Buisson alikuwa adui wa dini. Alikuwa mtu wa dini kwa namna yake, na kitabu chake kikubwa cha kitaaluma kilihusu Sebastian Castellio, mwalimu wa karne ya 16 aliyepinga watu kuuawa kwa sababu ya imani zao. Alichokipinga Buisson ni kulazimishwa kwa dhamiri ya mtu, iwe ni ya mtoto, ya mzazi au ya mwalimu.

Mwanafunzi wa shule za wengine

Kuondolewa huko kulimpatia nafasi ya kujifunza. Mwaka 1873 alitumwa Vienna, na mwaka 1876 akatumwa Philadelphia, Marekani, kuyatazama maonyesho ya kimataifa na kuandika taarifa juu ya elimu ya nchi mbalimbali. Wajumbe wengine katika maonyesho kama hayo huridhika na majengo na hotuba. Buisson alikusanya pia kazi za wanafunzi wenyewe, na baadhi ya kazi za watoto wa shule za Marekani akazitoa kitabuni kwa Kifaransa ili walimu wa nchi yake wazisome.

Jambo hilo ni dogo kwa sura, lakini lina uzito. Anayetaka kujua shule inafundisha nini hana budi kufungua daftari la mtoto. Muhtasari unaeleza kilichokusudiwa, na andalio la somo hueleza alichopanga mwalimu. Ni daftari linaloonyesha kilichofika.

Mpangilio wa sheria

Mwezi Februari 1879 Jules Ferry alikuwa Waziri wa Elimu, akamteua Buisson kuwa Mkurugenzi wa Elimu ya Msingi. Aliyeondolewa katika ukaguzi wa jiji moja sasa alikabidhiwa shule za nchi nzima.

Tunawaomba wanachuo wauangalie kwa makini mpangilio wa hatua zilizofuata. Sheria ya kwanza haikuwa ya kufuta ada, wala ya kuwalazimisha watoto kwenda shule. Ilikuwa ni sheria ya vyuo vya ualimu. Tarehe 9 Agosti 1879, kwa juhudi za mbunge Paul Bert, Bunge lilipitisha sheria iliyoutaka kila mkoa uwe na chuo cha ualimu cha wanaume na kingine cha wanawake, na ikatoa muda wa miaka minne kutekeleza agizo hilo. Vyuo vya wanaume vilikuwapo katika mikoa mingi tangu zamani, lakini vya wanawake vilikuwa vichache. Watawa waliofundisha wasichana waliweza kupewa ruhusa ya kufundisha kwa barua ya wakuu wa shirika lao, bila ya kuwa na cheti cha ualimu. Mwaka 1881 desturi hiyo ilifutwa. Tangu hapo kila aliyetaka kufundisha, mtawa au asiye mtawa, alitakiwa kuwa na cheti.

Lakini vyuo vipya vitapata wapi wakufunzi? Hilo nalo lilifikiriwa. Mwaka 1880 kilifunguliwa chuo cha juu cha wanawake huko Fontenay-aux-Roses, na mwaka 1882 chuo cha wanaume huko Saint-Cloud. Kazi ya vyuo hivyo viwili ilikuwa kuwaandaa wale watakaowaandaa walimu.

Ndipo zikafuata sheria ambazo vitabu vya historia huzitaja zaidi. Sheria ya tarehe 16 Juni 1881 ilifuta ada katika shule za msingi za serikali. Sheria ya tarehe 28 Machi 1882 ilifanya elimu kuwa ya lazima kwa watoto wote, wavulana kwa wasichana, tangu umri wa miaka 6 hadi 13. Sheria hiyo hiyo iliweka somo la maadili na uraia mahali pa somo la dini, na ikaacha siku moja katika juma, mbali na Jumapili, ili wazazi waliopenda waweze kuwafundisha watoto wao dini nje ya shule. Sheria ya tarehe 30 Oktoba 1886 ilielekeza kuwa walimu wa shule za serikali wasiwe watawa wala mapadri. Hatimaye, sheria ya tarehe 19 Julai 1889 iliwafanya walimu kulipwa mishahara na serikali kuu.

Sheria hizo hazikuwa za Buisson peke yake. Ferry alizitetea bungeni, Paul Bert alizipigania, na wengine wengi walishiriki. Lakini kuzigeuza sheria ziwe mihtasari, mitihani, vyeti, majengo na ratiba, hiyo ilikuwa kazi ya ofisi ya Buisson.

Mbinu za kufundishia

Buisson alikuwa mfuasi wa njia iliyotokana na Pestalozzi, yaani kuanzia na kile mtoto anachoweza kukiona, kukigusa na kukitambua mwenyewe, kabla ya kumpa kanuni. Mwaka 1878, wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Paris, alitoa mhadhara juu ya njia hiyo mbele ya walimu waliokusanyika Sorbonne.

Alitofautisha ngazi tatu. Ya kwanza ni ya hisi: mtoto hutazama jani, hupima maji, huhesabu mawe. Ya pili ni ya akili: mtoto hutambua mwenyewe kwamba jambo fulani ni kweli, kama vile anapoona kuwa kitu kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. Ya tatu ni ya maadili: mtoto hutambua ndani ya nafsi yake kuwa kitendo fulani ni cha haki au ni cha dhuluma. Kwa hiyo njia hii haikuwa kipindi kimoja cha kuonyesha vitu mezani kisha kurudi kwenye kukariri. Ilikusudiwa ienee katika masomo yote, hata katika somo la maadili lenyewe, ambalo wengi walidhani haliwezekani bila ya kukaririshwa.

Kanuni za shule za mwaka 1882 ziliingiza pia utaratibu ambao tunauona una faida kubwa. Kila mtoto alipoingia shule alipewa daftari maalumu, nalo alikaa nalo muda wote wa masomo yake. Mwanzoni mwa kila mwezi aliandika ndani yake zoezi la kila somo, darasani, bila ya kusaidiwa na mtu. Daftari lilihifadhiwa shuleni. Aliyelifungua baada ya miaka kadhaa aliweza kuufuata mwendo wa mtoto huyo tangu herufi zake za kwanza. Hakulinganishwa na jirani yake, bali na nafsi yake ya mwaka uliopita.

Kadhalika mwaka 1880 walimu walipewa sauti katika kuchagua vitabu vya kiada. Walikutana katika mikutano ya wilaya zao ndogo, wakajadili vitabu na kupendekeza orodha. Kwa nchi iliyozoea kila amri kutoka Paris, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Kamusi ya mwalimu wa kijijini

Kazi ya Buisson iliyodumu zaidi katika maandishi ni Kamusi yake ya ualimu na elimu ya msingi. Ilianza kutolewa kwa sehemu ndogo ndogo mwaka 1878, na matoleo ya vitabu yakakamilika mwaka 1887. Ilikuwa na kurasa zaidi ya 5,000 na waandishi zaidi ya 350. Sehemu moja ilieleza nadharia, historia na sheria za elimu; sehemu nyingine ilieleza maarifa ya masomo yenyewe. Mwanahistoria Ernest Lavisse, mwanaisimu Michel Bréal na mwanafalaki Camille Flammarion walikuwa miongoni mwa walioandika.

Katibu wa uhariri alikuwa James Guillaume, ambaye Buisson alimfahamu kutoka Neuchâtel. Guillaume alikuwa mwanaharakati asiyeamini serikali yoyote, na mwaka 1872 alifukuzwa pamoja na Bakunin katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Ofisa wa serikali kumpa mtu wa namna hiyo kazi kubwa kiasi hicho ni jambo la kushangaza. Buisson aliangalia ujuzi na bidii yake.

Tuseme nini juu ya Kamusi hiyo? Katika kijiji chenye mwalimu mmoja, asiye na maktaba wala mwenzake wa kumwuliza, Kamusi ilimletea wanataaluma wa nchi nzima mezani pake. Nao hawakumwandikia kama mtu wa kupokea maagizo, bali kama msomi mwenzao.

Mipaka ya kazi yake

Haifai kuandika maisha ya mtu kwa sifa tupu. Mwaka 1882, Buisson akiwa mkurugenzi, serikali iliruhusu vikosi vya wanafunzi wavulana waliofanya gwaride na kufunzwa matumizi ya bunduki. Nchi ilikuwa bado inauguza kushindwa kwa 1870. Vikosi hivyo havikudumu zaidi ya miaka kumi hivi, lakini vilikuwapo, chini ya mtu ambaye ujanani alitaka shule izike vita.

Pili, shule ya bure ilikuwa ya watoto wa watu wa kawaida. Shule za sekondari ziliendelea kutoza ada na zilikuwa na madarasa yao ya awali kwa watoto wa wenye nacho. Mtoto wa mkulima na mtoto wa wakili hawakukaa dawati moja. Buisson mwenyewe aliliona kosa hilo, na katika miaka yake ya baadaye alipigania shule moja kwa watoto wote.

Tatu, wakati ule ule Ferry aliyefuta ada nyumbani alikuwa akipanua makoloni. Haki iliyotangazwa kwa kila mtoto wa Ufaransa haikuwafikia watoto walio wengi wa Afrika waliotawaliwa na nchi hiyo. Sisi tunaosoma habari hizi barani Afrika hatuwezi kupita hapo kimya.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1896 Buisson aliacha ukurugenzi, akawa profesa wa elimu Sorbonne. Mwaka 1902 nafasi yake ilichukuliwa na Émile Durkheim. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imegawanyika kwa ajili ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi, Myahudi, aliyehukumiwa mwaka 1894 kwa kosa la uhaini ambalo hakulitenda. Buisson alisimama upande wa Dreyfus, na mwaka 1898 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Haki za Binadamu, ambacho baadaye alikiongoza tangu 1914 hadi 1926. Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906.

Alikuwa mbunge tangu 1902 hadi 1914, na tena tangu 1919 hadi 1924. Aliongoza kamati ya Bunge iliyoshughulikia sheria ya 1905 ya kutenganisha dini na serikali, na mwaka 1909 alitoa taarifa ya kutaka wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Mwaka 1911 alitoa Kamusi yake upya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliiunga mkono nchi yake. Vilipokwisha, alirudi kwenye kazi ya upatanisho: mwaka 1923 majeshi ya Ufaransa yalipoikalia Ruhr, yeye aliwaalika Wajerumani wapenda amani Paris, na mwenyewe akasafiri hadi Berlin akiwa amepita umri wa miaka 80. Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Mjerumani, Ludwig Quidde. Alifariki tarehe 16 Februari 1932, akiwa na umri wa miaka 90.

Mafunzo kwa mwalimu mwanafunzi

Kutokana na maisha hayo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, zana haifanyi somo. Mwalimu anayeleta mahindi darasani kisha akaandika ubaoni kila kitu kinachopasa kusemwa juu ya mahindi, amewanyima wanafunzi nafasi ya kuyatazama. Kitu kikiisha kuwekwa mezani, mwalimu na anyamaze kidogo, wanafunzi waone, waseme walichokiona, ndipo aulize.

Pili, daftari la kila mwezi halihitaji fedha nyingi. Hata katika darasa lenye watoto wengi, kurasa mbili kwa mwezi, zikahifadhiwa kabatini, zitamweleza mwalimu mambo ambayo mtihani wa mwisho wa mwaka humweleza akiwa amekwisha chelewa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mwalimu hufundisha watoto wa watu wenye imani na itikadi mbalimbali. Katika somo la maadili anatakiwa aseme lile ambalo kila mzazi mwema, awe wa dini yoyote, angeweza kulisikiliza bila ya kuumia. Na papo hapo asiseme asiloliamini. Kuyashika yote mawili kunahitaji akili na ujasiri. Buisson alipoteza nafasi mara mbili kwa kuukataa unafiki, na alipopata madaraka hakutumia nafasi hiyo kuwalazimisha walimu wawaze kama yeye. Aliwajengea vyuo, akawatafutia vitabu, akawaachia darasa. Mkaguzi huja mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote darasani yumo mwalimu na watoto tu, na elimu ya nchi ni kile kinachotendeka hapo.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini sheria ya vyuo vya ualimu ilitangulia sheria ya elimu ya lazima? Jadilini nini kingetokea kama mpangilio huo ungegeuzwa.

2. Chagueni mada moja ya darasa la tatu. Andaeni somo ambamo wanafunzi wanagundua jambo kabla ya kuelezwa kanuni.

3. Je, mwalimu anaweza kufundisha maadili katika darasa lenye watoto wa dini mbalimbali bila ya kuificha dhamiri yake? Toeni mifano.